Kadi Fupi Si Lazima Iwe Imenyolewa: Hivi Ndivyo Utajua Kama Ni Kiwanda Ama Ni Mjanja na Wembe

Kuna kadi moja ya besiboli, karatasi tu, iliuzwa dola milioni 2.8 mwaka wa 2007. Ina picha ya Honus Wagner, staa wa Pittsburgh wa kitambo, na ni ya zile kadi zilikuwa zinawekwa kwa pakiti za sigara Marekani kati ya 1909 na 1911. Wayne Gretzky, yule mkali wa hoki kutoka Canada, aliwahi kuimiliki. Mwaka wa 1991 kampuni ya PSA iliipa gredi 8 kati ya 10. Iko fiti kabisa, ama?

Zii. Mwaka wa 2013 Bill Mastro, aliyekuwa jina kubwa kwa minada ya hizi vitu, alikubali kwa kesi yake ya ulaghai kwamba aliipunguza kingo hiyo kadi. Mwaka wa 2015 akapewa miezi 20 jela.

Hiyo ndiyo tunaita kunyoa kadi. Kona zimechakaa, msee anachukua wembe, anatoa nusu milimita hivi, kona zinarudi kali kama mpya na bei inapaa. Lakini usikimbilie kulaumu kila kadi fupi. Viwanda vya zamani vilikuwa vinakata vibaya pia, na ukikosea unaweza kuita mtu mwizi bure ama uache mali safi ipite. Kwa hivyo cheki hii rada kabla utoe doo yako.

1. Jua kwa nini kiwanda hukosea

Kadi hazikuprintiwa moja moja. Zilikuwa nyingi kwa karatasi moja kubwa, karatasi zikapangwa rundo, kisha kisu cha mashine kikashuka. Rundo likisonga kidogo, kadi moja inatoka pana na jirani yake inatoka finyu. Ndio maana utapata picha imekaa upande, ama kadi imekatwa mshazari kama almasi. Hiyo ni kazi ya mashine, hakuna mtu wa kushtakiwa.

2. Jua saizi ya familia yake

Usipime kadi kabla ujue ilizaliwa na saizi gani. Hizi ndizo huwachanganya wasee sana:

- T206, familia ya huyo Wagner, kawaida ni inchi 1 7/16 kwa 2 5/8. Lakini zile ziko na tangazo la sigara za American Beauty nyuma zilitoka kiwandani zikiwa finyu kuliko wenzake. Ukipata moja nyembamba, geuza kwanza usome mgongo.
- Topps za 1952 hadi 1956 ni inchi 2 5/8 kwa 3 3/4. Kuanzia 1957 wakashuka hadi 2 1/2 kwa 3 1/2, saizi ambayo iko hadi leo.
- 1975 Topps walitoa seti yao yote ya kadi 660 kwa saizi mbili: ile ya kawaida na ndogo ya inchi 2 1/4 kwa 3 1/8. Picha ni zile zile. Mgeni akiiona ile ndogo atadhani imekatwa.
- O-Pee-Chee za Canada mara nyingi ziko na kingo za manyoya manyoya, kama mkate umekatwa na kisu butu. Hapo ukipata moja iko laini kama glasi, ndio unafaa kushtuka.

3. Linganisha, usipime tu

Tafuta kadi za bei ya chini za seti hiyo hiyo, na mgongo huo huo, kama tano hivi. Ziweke rundo moja na yako katikati, kisha angalia kutoka kando. Kama yako imezama upande mmoja pekee, weka alama ya kuuliza. Bado hujapata jibu, umepata tu mahali pa kuangalia.

4. Kingo ndizo huongea ukweli

Chukua lenzi inayokuza mara 10 na taa nzuri. Kadi ya miaka 100 imezeeka pande zote nne: rangi ya kingo imefifia, uchafu umeingia, nyuzi za karatasi zimelala. Ukipata kingo tatu za kahawia na moja nyeupe safi, huyo amenyolewa. Cheki pia kama ukingo una mawimbi, kwa sababu mkono wa binadamu hutetemeka na kisu cha mashine hupita moja kwa moja. Halafu angalia kona: uso umejaa mikunjo na mikwaruzo, lakini kona mbili ziko kali kama sindano? Haiwezekani kona zilale miaka yote bila kuguswa na uso uchapwe hivyo.

5. Saizi kamili pia inaweza kukudanganya

Hapa ndipo wengi huuziwa mbuzi kwenye gunia. Kama kiwanda kilikata kadi kubwa kupita kawaida, mjanja anaweza kuinyoa na bado ibaki na saizi ya kitabu. Rula itasema iko sawa. Kwa hivyo rula peke yake haihukumu na haiachilii mtu. Kingo ndizo shahidi.

6. Soma jibu la gredi vizuri

PSA wakikataa kadi, wanaipa kodi. N1 inamaanisha wameona dalili za kunyolewa. N6 inamaanisha kadi haijafika saizi ya chini wanayokubali. Hizo ni vitu mbili tofauti! Muuzaji akikuambia "ilikataliwa tu juu ya saizi", mwambie akuonyeshe kodi. Na hata ikiwa na gredi, kumbuka ile 8 ya Wagner.

Last, ukinunua online, itisha picha za kingo zote nne, kwa karibu, kadi ikiwa nje ya plastiki kama haijafungwa na kampuni ya gredi. Mtu akiwa na kadi safi atakutumia. Akianza stori mingi, funga hiyo chat na ubaki na doo yako.