Kamba Mguuni

Mjukuu wangu, aliyekuja likizo kutoka Dar es Salaam, aliwakuta kuku temba watatu nyuma ya jiko. Kila mmoja amefungwa mguu kwa kipande cha kanga kuukuu, ncha ya pili iko kwenye kinu. "Babu, wamekosa nini?" Hawajakosa. Niliwanunua jana yake mnadani, hapa hapa Singida, na ningewaachia wangekwenda moja kwa moja porini, usiku wakawa chakula cha kicheche.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Siku hizi tunaisema methali hii ofisini tukimkaribisha mfanyakazi mpya, tunacheka. Bibi yangu kule Iramba hakuwa akicheka. Kwake yalikuwa maelekezo ya kazi. Usitumie katani, inachana ngozi na mguu unavimba, tumia kitambaa. Siku tatu. Jioni ya tatu unamfungua akiwa amekwisha kupanda kulala na wenyeji, ili asubuhi atoke nao na arudi nao.

Nayaleta haya kwa sababu nimechoka kusoma katika vijitabu vya ufugaji kwamba kuku wa kienyeji "hujitafutia wenyewe". Maneno mawili tu, kazi ya wanawake wa karne nyingi imefutwa. Na karne ni nyingi kweli. Mifupa ya kuku imefukuliwa Unguja Ukuu, mji wa Waswahili uliokuwa ukifanya biashara zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliandaliwa wali na mchuzi wenye kuku ndani yake. Wazulu wanamwita inkukhu, Washona huku; ndege huyu amesafiri na wasemaji wa lugha za Kibantu mpaka kusini kabisa. Sasa fikiria: katika safari yote hiyo nani alikuwa na magunia ya chakula cha kuku?

Nyumba ya bibi ilikuwa tembe, paa lake bapa la udongo, na mtama ulianikwa huko juu. Kwa hiyo vita vya kwanza vya kila siku vilikuwa kuwateremsha kuku paani. Watoto ndio tuliokuwa askari. Lakini hata njaa ilipokuwa mbali, bibi hakuwapa kuku wakubwa punje asubuhi. Aliwafungulia mlango, akawaacha watoke na matumbo matupu, nao wakaelekea zizini kuchakura samadi, kisha kwenye mabua, kisha vichakani. Chakula chake kilikuwa jioni: konzi moja ya mtama, imetupwa mlangoni jua likielekea kuzama, na ulimi wake ukilia krrr krrr krrr. Konzi moja kwa kuku kumi na tano haishibishi. Ilikuwa ya kuwarudisha nyumbani na kuwahesabu.

Vifaranga walikuwa na darasa lao. Hawakutoka mpaka umande ukauke. Jioni bibi alichukua chungu kilichotoboka, akakijaza mavi makavu ya ng'ombe na mabua ya mtama, akanyunyiza maji, akakifudikiza juu ya tundu la mchwa. Asubuhi kimejaa mchwa, wanatembea juu ya vidole vyako ukikigeuza. Siku ya kwanza alikimwaga mlangoni. Ya pili, hatua kumi mbele. Kisha kando ya zizi, kisha ukingoni mwa shamba. Tetea alikuwa akiita, vifaranga wanamkimbilia, na baada ya wiki mbili tayari walikuwa wakiijua njia yote ile na kila kichaka cha kukimbilia mwewe akipita. Wiki ya tatu chungu kilibaki kimeegemezwa ukutani. Kuku weupe hakuwapenda. Alisema rangi hiyo inawafaa waganga na mwewe tu.

Kuku hao hawakuwa mboga hasa. Walikuwa mfuko wa fedha. Wajerumani walipotangaza kodi ya nyumba mwaka 1897, na Waingereza baada yao wakaendelea kudai yao, mtu hauzi ng'ombe kwa ajili ya fedha kidogo. Anashika jogoo miguu anakwenda sokoni. Ada yangu ya shule ilipatikana kwa njia hiyo hiyo.

Mwaka 1968, kama sikosei, bwana mifugo alitupa jogoo mwekundu, Rhode Island Red, ili aboreshe mbegu. Mipango ya namna hiyo ilikuwa mingi. Kenya nao walikuwa na wa kwao mkubwa kuanzia 1976, kwa msaada wa Uholanzi. Jogoo wetu alikuwa mzito kama mtoto mchanga. Asubuhi wenzake wakitoka, yeye alisimama mlangoni akitutazama mikono. Tuliambiwa tumpe pumba, tukampa, naye hakuvuka uwanja kwa mwezi mzima. "Huyu kafundishwa kula," bibi akasema, "hakufundishwa kutafuta." Akamfunga kamba siku tatu karibu na zizi, akamkatia pumba ya asubuhi. Alikonda, nikamhurumia. Halafu siku moja nikamwona anafuata matetea, miguu yake minene inachakura samadi vibaya vibaya, anajirushia mwenyewe machoni.

Hakumaliza mwaka. Kiangazi kilileta mdondo, shingo zikapinda, kinyesi kikawa kijani, na kati ya kuku zaidi ya thelathini tukabaki na wanne. Milipuko ya kwanza ya ugonjwa huu kuandikwa ilitokea mwaka 1926, huko Java na katika mji wa Newcastle, Uingereza. Dhidi yake bibi hakuwa na ujuzi wowote, alikuwa na majivu na pilipili tu, na hapa simtetei. Chanjo ya I-2 iliyotengenezwa Australia, inayovumilia joto kuliko zile za zamani, tone moja jichoni na kurudia kila baada ya miezi michache, imefanya kile ambacho kamba na chungu visingeweza.

Mwaka 1974, serikali ilipowakusanya watu vijijini, nasi tulihamishwa, nyumba zikapangwa mstari. Viongozi walizungumza juu ya shule, maji na zahanati, na vilikuja, ingawa kwa kuchelewa. Kuku hawakuzungumziwa. Kundi ambalo lilikuwa na zizi, mabua na vichaka vyake likajikuta uwanjani mwa jirani, juu ya uwele wake ulioanikwa. Mwaka ule niliona wanawake wawili, mashoga tangu usichana, wakinyimana moto kwa ajili ya mtetea mmoja kishingo. Bibi akaanza kufungulia kuku wake saa kumi jioni, saa mbili tu kabla ya kulala.

Leo mimi nina uwanja mdogo, jirani mwelewa, na mashudu ya alizeti nikiishiwa akili. Jioni ya tatu mjukuu aliwafungua temba mwenyewe. Asubuhi wakatoka, wakaenda mpaka pale kamba ilipokuwa ikikomea, wakasimama wote watatu. Akaniangalia. Nikampa kile chungu, akakibeba kwa mikono miwili, mchwa wanampanda, akaenda hatua kumi mbele yao.