Cortina, Escort na Njia ya Bara

Fundi wa Ulyankulu, mkoani Tabora, akiletewa gari dogo lililoshushwa bandarini Dar es Salaam, haanzi na injini. Analala chali chini ya buti, anapima kwa shubiri nafasi iliyopo kati ya difu na ardhi, anagonga springi kwa spana na kusikiliza. Akitoka huko anamwambia mwenye gari kitakachoongezwa: jani moja la springi au mawili, spesa mbele, na bati nene la kukinga sampo. Masika ikiingia, gari ambalo halikupita mikononi mwake litaonekana limelala mbugani.

Kazi hiyo ina tarehe yake, nami naiandika kwa kuwa wengi wanaoifanya wanadhani imeanza na magari ya Japani. Wazee wake ni magari ya Waingereza, yale ya familia ya kawaida yaliyoongezewa nguvu na kuletwa kujaribiwa kwenye vumbi letu.

Njia yenyewe ni kongwe kuliko gurudumu. Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, mzigo wa bara ulipanda na kushuka mabegani mwa watu kati ya Bagamoyo na Ujiji, na katika kazi ya upagazi hakuna waliowashinda Wanyamwezi. Mpagazi alibeba kama frasila mbili, kilo zaidi ya 30, kwa miezi. Mwaka 1871 Mirambo, mtemi ambaye himaya yake ilianzia pande zetu hizi, aliifunga njia ya Tabora kwenda Ujiji, na Waarabu wa Unyanyembe, yaani pande za Tabora, wakapigana naye kwa miaka. Henry Stanley aliingia katika vita hivyo upande wa Waarabu, wakashindwa, ikambidi azunguke kusini ndipo amfikie Livingstone. Pembe za ndovu, bunduki na nguo vilikuwa tele Tabora, lakini havikusogea mpaka njia iruhusu. Katika historia ya magari pia nimeliona jambo hilo hilo.

Magari madogo ya Waingereza yalikuja na ukoloni: Morris, Austin, Hillman, Ford Anglia, Ford Zephyr. Mwaka 1953, Malkia Elizabeth alipotawazwa, walowezi wa Kenya walianzisha mashindano ya magari yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika. Yakawa ya kila mwaka, yakazoea kufanyika wakati wa Pasaka, yaani mvua za masika zinapoanza. Waliochagua majira hayo walijua wanachokitafuta. Mwaka 1955 Vic Preston na D.P. Marwaha walishinda kwa Zephyr, gari la baba mwenye watoto, silinda sita, lililotengenezwa Dagenham. Baada ya hapo magari ya Waingereza yalikaa miaka tisa bila ushindi wa jumla huku Wajerumani wakitamba kwa Volkswagen na Mercedes. Mwaka 1963 magari 84 yalianza safari. Yaliyomaliza yalikuwa 7.

Hapo ndipo inapoingia Cortina. Ilizinduliwa mwaka 1962, gari jepesi la bei ya mfanyakazi, injini yake ikiwa ya cc 1,198. Mwaka uliofuata Ford walitoa ndugu zake wawili. Wa kwanza aliitwa GT: injini ya cc 1,498, kabureta kubwa zaidi, kamshafti iliyochongwa upya, breki za diski mbele. Kwa nje ungemwona ni Cortina ile ile ya kwenda nayo kanisani. Wa pili alitoka mikononi mwa Colin Chapman wa Lotus. Huyo alipewa injini ya cc 1,558 yenye kamshafti mbili juu, nguvu za farasi 105, milango na boneti za alumini, rangi nyeupe na mstari wa kijani ubavuni. Kwa macho yangu ni gari zuri kupita yote ambayo Uingereza ilipata kuyatengeneza kwa ajili ya familia.

Lakini Chapman aliondoa springi za majani nyuma. Mahali pake aliweka springi za mviringo na mkono wa chuma wenye umbo la herufi A, ulioshikizwa chini ya sanduku la difu. Kwenye lami laini ya viwanja vya mashindano mpango huo ulilifanya gari lishike kona kama limegandishwa, na mwaka 1964 Jim Clark alichukua nalo ubingwa wa magari ya saluni wa Uingereza. Penye mashimo, nguvu zote za mshtuko zilikwenda kwenye difu. Bolti zililegea, oili ikavuja, ikailainisha mipira ya ule mkono, na gari likaanza kuyumba nyuma. Mwaka 1965 Lotus Cortina ilirudishiwa springi za majani.

Sasa tazama Pasaka ya mwaka ule ule wa 1964. Waliofika Nairobi wa kwanza walikuwa Peter Hughes na Bill Young, ndani ya Cortina GT, yule ndugu mnyonge. Alikuwa na farasi wachache kuliko mwenzake, na nyuma alikuwa na majani ya chuma yaliyofungwa pamoja kama ya mkokoteni. Ford walikuwa wameimarisha bodi, wakaongeza kinga ya chini, wakanyanyua gari. Mafundi wa kiwanda walilipanga gari lao kama fundi wa Ulyankulu anavyolipanga leo.

Niwe mkweli kuhusu miaka iliyofuata, maana tarehe isiyotaja ushindi wa wengine ni kasida. Joginder Singh wa Kenya alishinda mwaka 1965 kwa Volvo. Bert Shankland, Mskoti aliyeishi Dar es Salaam, alishinda 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, na tangu hapo 404 ikawa teksi ya kila mji wa Tanzania. Hata wasiojua jina la Shankland walipanda gari lake.

Ford walijibu kwa Escort, iliyotoka mwaka 1968, ndogo kuliko Cortina, nayo ikazaa ukoo mrefu kuliko wowote: Twin Cam, RS1600, Mexico, RS2000, RS1800. RS1600 ilipewa injini ya valvu 16 ya Cosworth, kampuni ya Keith Duckworth na Mike Costin. Lakini mwaka 1970, Ford walipojiandaa kwa safari ya mbio kutoka London hadi Mexico, kilomita zaidi ya 25,000, waliiacha injini hiyo ya valvu 16 nyumbani. Walichukua ya kizamani, ya kusukuma valvu kwa fito, wakaipanua hadi cc 1,850. Hannu Mikkola wa Ufini na Gunnar Palm wa Sweden walishinda nayo, na jina la Mexico likabandikwa kwenye gari la dukani. Walifanya uchaguzi ule ule wa 1964: chombo kinachotengenezeka kando ya njia kwa spana nne.

Miaka miwili baadaye, Mikkola na Palm waliileta RS1600 Afrika Mashariki, safari hii ikiwa na ile injini ya valvu 16, wakashinda. Walikuwa wa kwanza kutoka ng'ambo. Kabla yao, kwa takriban miaka 20, wenyeji wa Afrika Mashariki pekee ndio waliobeba kombe. Pasaka hiyo ilikuwa tarehe 2 Aprili 1972.

Kwetu mwaka huo una maana nyingine. Aprili haijaisha, mauaji yalianza Burundi, na watu kwa makumi ya maelfu wakavuka mpaka kuingia Kigoma wakiwa na mikeka na watoto mgongoni. Serikali ya Tanzania iliwapa ardhi katika msitu wa miombo, na Ulyankulu tunayoijua ikazaliwa. Vijiji vilipangwa kwa barabara zenye namba, na namba zikabaki kuwa majina. Kwaya ya Barabara ya 13 ililitangaza jina hilo Afrika Mashariki nzima. Gari la Mwingereza lililowafikia watu hao lilikuwa Land Rover, likiwa mbele ya malori ya unga na majembe. Escort ya Mikkola haikuonekana huku. Mimi hata hivyo siwezi kuandika 1972 ya magari nikaiacha 1972 ya watu, maana wote walikuwa wanapimwa na ardhi moja katika masika moja.

Ushindi wa mwisho wa Escort katika mashindano hayo ni wa 1977, mvua ikiwa kali mno: Björn Waldegård na Hans Thorszelius, katika RS1800. Cortina ilikoma kutengenezwa mwaka 1982. Magari yaliyofuata huko Uingereza yaliendelea kuongezewa nguvu: Sierra Cosworth, kisha Lotus Carlton ya mwaka 1990 yenye farasi 377, gari la milango minne linaloweza kukimbia zaidi ya kilomita 280 kwa saa. Kwa barabara ya kutoka Tabora kuja kwetu, hiyo ni hadithi ya nchi nyingine.

Wajapani walikuwa wameshaingia. Datsun ilishinda 1970, 1971 na 1973, na biashara ilipofunguliwa kuanzia miaka ya 1980, magari yaliyotumika Japani yalijaa bandarini, usukani ukiwa kulia kama yale ya Waingereza. Leo Probox inabeba hapa watu, kuku, madumu ya asali na magunia ya mahindi, ingawa nyuma ina springi za mviringo, si za majani kama za Cortina GT.

Waldegård alirudi mwaka 2007, akiwa amepita miaka 60, kwenye mashindano ya magari ya zamani ya Afrika Mashariki. Msomaji wa ramani alikuwa mwanawe Mathias, na gari lilikuwa Escort RS1800, aina ile ile ya miaka 30 nyuma. Walishinda.

Huku kwetu, gari likiisha kufungwa springi hupakiwa magunia na kupelekwa kwanza upande wa Urambo kwa mwendo wa baiskeli. Dereva peke yake ndiye anayekaa mbele. Fundi hupanda nyuma, juu ya mzigo, ameinamisha kichwa, anaisikiliza difu.