Homa Usiku wa Kinjeketile

Ndugu Mhariri aliponiomba insha ya historia kwa ajili ya toleo hili la mkutano wetu, nadhani alitarajia nieleze jinsi shule ilivyoasisiwa na walimu wakuu walivyopokezana. Kazi hiyo wapo waiwezao kuliko mimi, ambaye nimeshinda miaka ishirini nikisukuma majalada ya Serikali. Nitaeleza jambo dogo: jinsi nilivyotazama mchezo wa kuigiza nikiwa na homa, na yale niliyokuja kuyasoma baadaye kuhusu mchezo huo na kuhusu wagonjwa. Wanafunzi mlioko shuleni sasa mniwie radhi nikiwatembeza mbali kidogo.

Ulikuwa mwaka 1998. Wenzangu mtaukumbuka kwa mvua za El Niño, zilizoanza mwishoni mwa 1997 na kukata barabara nyingi nchini. Nilikuwa kidato cha tatu. Likizo niliimalizia kwa mjomba wangu Mto wa Mbu, na jina la mahali pale lamtosha mwenye akili. Sisi tuliokulia kwenye baridi ya Meru, mwinuko wa mita 1,400 na zaidi, miili yetu haikuizoea malaria kama ya watu wa mabondeni. Wiki ya pili ya muhula nikaanza kutetemeka. Mama nesi akanipa klorokwini, vidonge kumi vya kumeza kwa siku tatu, akanilaza katika chumba cha wagonjwa kilichokuwa nyuma ya bwalo. Kitanda cha pili alilala mtoto wa kidato cha kwanza, homa yake kali kuliko yangu.

Jumamosi hiyo kidato cha nne walikuwa wakicheza Kinjeketile, usiku mmoja tu. Mama nesi alipokwenda kula, nilijifunga blanketi nikaamka. Yule mtoto akasema, "Kaka, nipatie maji." Nikamjibu kwamba narudi sasa hivi. Mtungi ulikuwa barazani, hatua kumi tu. Nikaupita, maana ngoma ilikwisha kulia bwaloni.

Tamthilia hiyo ya Ebrahim Hussein ilitoka mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Siku zile uigizaji ulikuwa umeacha kuwa burudani ya vilabu vya Wazungu na mashindano ya shule kwa Kiingereza. Mathias Mnyampala alikuwa amezieneza ngonjera, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na idara yake ya sanaa za maonyesho. Hussein alichukua kisa cha Kinjeketile wa Ngarambe, karibu na mto Rufiji, aliyewapa watu dawa ya maji na kuwaunganisha dhidi ya Wajerumani. Katika mchezo, Kinjeketile anazama mtoni akiwa amepagawa na Hongo, watu wanamkatia tamaa, kisha anaibuka na nguo zake kavu. Mwandishi mwenyewe alionya kwamba mtu wake ni wa kubuni, si yule wa historia.

Yule wa historia alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita ikiwa ndiyo kwanza imeanza. Hakuiona ikienea hadi Ungoni, wala hakuiona njaa iliyoifuata. Wajerumani wenyewe walihesabu waliokufa 75,000. Wanahistoria wa baadaye wamekadiria kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa, kwa kuwa mashamba na maghala yalichomwa makusudi. Huku kwetu kaskazini hakukuwa na Maji Maji. Sababu mojawapo mnaweza kwenda kuigusa kwa mkono: ni lile Boma la Arusha, ambalo sasa ni Makumbusho ya Elimu Viumbe. Lilikamilika mwaka 1900, mwaka ule ule ambao Mangi Meli wa Old Moshi alinyongwa tarehe 2 Machi pamoja na viongozi wengine, wakiwamo wa Meru na Arusha. Tulikuwa tumekwisha kupigwa.

Haya yote sikuyajua nilipoketi kwenye benchi la mwisho, kichwa kikinigonga. Mwenye homa hatazami mchezo kama mzima. Taa za karabai zilinichoma macho. Maneno ya jukwaani yalinifikia yamechelewa, kama ya mtu anayeita ng'ambo ya bonde. Kinjeketile alipotoka mtoni akitetemeka, niliona kwamba ndani ya bwalo zima ni mimi na yeye tuliokuwa wagonjwa. Klorokwini nayo ilianza kuniwasha mwili mzima, na wale walioimeza wanaijua adha hiyo. Nilijikuna kimyakimya, nikimwogopa kaka mkuu asije akanirudisha kitandani.

Hofu hiyo ya mgonjwa kujificha ukumbini nimeitafakari mara nyingi. Pwani na Visiwani, katika ngoma za pepo, mgonjwa ndiye sababu ya watu kukusanyika. Huitwa kiti, na fundi na wapigaji wote humzunguka yeye. Mgonjwa akiondoka, hakuna ngoma. Ukumbi tulioletewa na shule una desturi nyingine: mtazamaji hutakiwa awe mzima na anyamaze, na ugonjwa uwe jukwaani tu. Katika Julius Caesar, tamthilia aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere mwaka 1963, Ligarius anaingia kwa Brutus amejifunga kitambaa kichwani kwa ugonjwa, naye anakivua mara anaposikia kuna njama ya kufanywa. Nilipokuwa kijana nilimwona shujaa. Molière, Mfaransa, alikuwa akiigiza mtu anayejidhania mgonjwa, na ilhali mwenyewe alikuwa mgonjwa kweli. Tarehe 17 Februari 1673 alizidiwa jukwaani, akajikaza akamaliza mchezo, akafa usiku ule ule.

Nami nilijikaza hadi mwisho. Kinjeketile yuko kifungoni, na ofisa anamtaka akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa, kwa kuwa akikiri, watoto watakaokuja wataambiwa kwamba babu zao walipigania kosa. Bwalo lilisimama kwa makofi. Nilirudi chumbani nikiwa nimejaa fahari, nikamkuta yule mtoto sakafuni, karibu na mlango, hasemi.

Alipelekwa hospitalini usiku huo kwa gari la shule, akatundikiwa dripu ya kwinini. Klorokwini aliyokuwa akimeza haikuwa imemsaidia. Nami homa yangu ilipoa, lakini ilirudi kabla ya mwezi kwisha. Baadaye sana, nikiwa kazini, nilipitiwa na majalada yaliyonieleza sababu. Vimelea vya malaria vilikuwa vimeizoea dawa ile kwa miaka mingi, na mwaka 2001 Serikali iliiondoa katika matibabu ya kwanza, ikaweka SP, kisha mwaka 2006 ikaidhinisha dawa mseto. Mwaka 1998 tulikuwa bado tunaimeza kwa imani. Wapo wasomi wanaowacheka wazee wa Matumbi kwa kuamini maji, mafuta ya mbarika na mtama. Mimi siwezi kuwacheka. Hata hivyo, maji aliyoniomba mwenzangu usiku ule hayakuwa ya imani. Yalikuwa ya kunywa, na mtungi ulikuwa umejaa.

Yule mtoto alipona, akarudi darasani baada ya wiki tatu. Sikwenda kumwona hospitalini, wala sikumwomba radhi. Alimaliza kidato cha nne nikiwa nimekwisha kuondoka, na leo ni mwanachama mwenzetu na msomaji wa jarida hili. Tulikutana mkutano uliopita, tukakaa meza moja, nikamweleza yote. Amenipa ruhusa ya kuyaandika haya bila jina lake.

Aliniambia kwamba anakumbuka kidogo tu. Anakumbuka dirisha lililoelekea bwaloni, na watu wengi upande wa pili wakipaza sauti, "Maji! Maji!" Alidhani wanamletea. Ndiyo maana alishuka kitandani kwenda mlangoni.