Eti fizikia haina soko

Kila mwaka matokeo ya KCSE yakitoka na vijana waanze kuitwa vyuoni, lazima kuna mjomba atamuuliza aliyepata fizikia: "Sasa hiyo itakusaidia nini?" Hilo swali limenichosha. Leo nalijibu na historia.

Turudi Ufaransa, 1966. François Auzel yuko kwenye maabara ya utafiti wa mawasiliano ya simu. Hafikirii wagonjwa hata kidogo. Anashughulika na glasi za leza zenye erbiamu, ambayo ni mvivu wa kunyonya mwanga, kwa hivyo anaiongezea iterbiamu iisaidie. (Majina yote mawili yametoka kwa kijiji kimoja cha Uswidi, Ytterby. Kijiji!)

Tangu Stokes aandike kuhusu mng'ao mwaka wa 1852, watu walizoea kwamba mwanga ukimezwa na kutolewa tena, hutoka ukiwa na nguvu kidogo kuliko ulivyoingia. Auzel akaonyesha kinyume. Chukulia nauli ni mia na kila fotoni ya infraredi ina hamsini tu. Iterbiamu inapokea hamsini, inampatia erbiamu. Erbiamu anashikilia, anangoja hamsini ya pili, halafu analipa: mwanga wa kijani, ambao unaonekana, kutoka kwa infraredi ambayo jicho halioni. Mwaka huo huo, Ovsyankin na Feofilov wa Muungano wa Sovieti waliripoti jambo hilo hilo kivyao. Vita Baridi imechacha, na pande zote mbili zimefika mahali pamoja.

Halafu ikawaje? Kwa miaka mingi, si mengi. Zilitengenezwa kadi za kuonea miale ya leza isiyoonekana, na vitu kama hivyo. Mjomba angecheka.

Kumbe watu wa baiolojia walikuwa na shida yao. Ukitaka kuona ndani ya seli hai, kawaida unaipaka rangi inayong'aa kisha unaimulika na mwanga wa bluu au urujuanimno. Mwanga huo unaumiza seli, unafanya nyama yenyewe ing'ae na kuchafua picha, na hauendi mbali. Hebu weka tochi ya simu nyuma ya kidole gizani. Rangi gani inapita? Nyekundu. Infraredi iliyo karibu nayo hupita hata zaidi, bila kuchoma seli vile.

Miaka ya 2000 wanakemia wakaanza kutengeneza chembe za nanomita makumi tu, zenye ile iterbiamu na erbiamu ya Auzel. Unazidunga kwa panya, unamulika infraredi ya nanomita 980, zinang'aa kijani, na nyama inabaki giza. Picha safi. Sisemi ni miujiza: mng'ao wake bado ni hafifu, na maji mwilini hunyonya hiyo 980 yakapata joto. Ndiyo maana wengine wakaongeza neodimiamu ili watumie 808, ambayo maji huiachilia ipite.

Mwaka wa 2018 watafiti wa RIKEN kule Japani na wenzao wa Singapore waliweka chembe za ukoo huu, zinazotoa bluu, ndani kabisa ya ubongo wa panya. Wakamulika infraredi kutoka nje ya fuvu. Neva zilizokuwa zimeandaliwa kuitikia mwanga zikaamka.