Hapana Marefu Yasiyo na Ncha

Kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, kisiwa cha Unguja kilikaa bila umeme kwa miezi mitatu hivi, baada ya kukatika ule uliokuwa ukija kutoka Bara kwa waya uliopita chini ya bahari. Wakati huo nilikuwa nasomesha katika chuo kimoja cha ualimu. Jenereta yetu ilikuwa ndogo, na petroli tulichangishana walimu na wanachuo. Kila saa ya kompyuta ilikuwa na bei yake.

Siku moja tulikusudia kuchapisha orodha ya wanachuo wanaokwenda maskulini kufanya mazoezi ya kusomesha. Majina yalikuwa katika faili, na kijana mmoja aliandika programu ya kuyasoma kwa lugha ya Pascal. Jina la kwanza likatoka, likatoka tena, na tena. Karatasi zikarundikana sakafuni, nasi tumesimama tukingoja jina la pili. Tulipozinduka, petroli imekwisha. Orodha tukaiandika kwa mkono, kwa mwanga wa kandili.

“Maalim, mashine imeharibika,” kijana alisema.

“Haikuharibika, mwanangu. Imekutii.”

Aliiamuru isome mstari mmoja, kisha akaiambia: maadamu faili halijafika mwisho, chapisha jina. Ndani ya mzunguko huo hakuiamuru isome mstari wa pili. Basi mwisho ungefikiwaje, ikiwa hakuna aliyepiga hatua kuuendea?

Usiku ule niliwakumbuka wanakili wa zamani wa vitabu vya herufi za Kiarabu. Wengi wao waliandika chini ya ukurasa neno la kwanza la ukurasa unaofuata, msomaji ajue pa kuendelea. Na washairi wetu hufunga utenzi kwa neno tamati, lenye asili ya Kiarabu, maana yake umekamilika. Alama moja ya kusogea, nyingine ya kusita.

Waundaji wa kompyuta nao walilazimika kuyafikiria hayo. Mfumo wa CP/M, alioutunga Gary Kildall mwaka 1974, ulihesabu urefu wa faili kwa mafungu ya baiti 128. Maandishi yakiishia katikati ya fungu, mfumo haukujua wapi hasa. Hivyo ikawekwa alama namba 26 kuwa ndiyo tamati. Pascal, iliyotungwa na Niklaus Wirth na kutangazwa mwaka 1970, ilimpa mwandishi swali la kuiuliza mashine: je, faili limekwisha? Lakini swali peke yake halisogezi kitu.

Wala tusitarajie mashine itugundulie makosa yote ya namna hii. Mwaka 1936 Alan Turing alithibitisha kwamba haiwezekani kupatikana njia moja ya kuamua, kwa kila programu, kama itasita au haitasita. Mzigo unabaki kwa mwandishi.

Tangu hapo niliwafundisha wanachuo wajiulize mambo mawili kabla ya kuandika mzunguko wowote: ni kitu gani kinachosogea, na ni kitu gani kitakachosema tamati?

Kijana yule alihamisha amri moja tu, ya kusoma mstari, akaiingiza ndani ya mzunguko. Umeme uliporudi tukaijaribu tena. Majina yalitoka moja moja, yakesha, printa ikanyamaza.