Nani Atasikia Kilio cha Binti?

Katika milima ya Uluguru ukoo huhesabiwa kwa upande wa mama, na ardhi ya ukoo ilirithiwa kwa njia hiyohiyo. Wazee wetu walipomwoza binti hawakumkatia mizizi. Mume akimtesa, alikuwa na mahali pa kurudi na mjomba wa kumsemea. Kabla ya hapo, alipovunja ungo, aliwekwa ndani akiwa mwali na wanawake wazima wakamfunda. Hatusemi desturi ile ilikuwa kamilifu. Wapo waliofungiwa mpaka wakakosa masomo. Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliofika Bagamoyo mwaka 1868 na baadaye kupanda hadi Matombo na Mgeta, walileta shule, na mabinti wakasoma. Lakini nafasi ya kungwi na mjomba ilibaki wazi.

Leo Morogoro ni mji wa vyuo. Kilichokuwa kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikawa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mwaka 1984; Mzumbe nayo ikawa chuo kikuu mwaka 2001. Mabinti wanatoka kila mkoa, na wengi wanapanga vyumba mitaani, mbali na mama zao na jumuiya ndogondogo za kwao.

Onyo lilikuja mapema, tena kutoka chuo mama cha Sokoine. Tarehe 7 Februari 1990 Levina Mukasa, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alijitoa uhai baada ya kusumbuliwa na kudhalilishwa na wanafunzi wa kiume waliojificha nyuma ya jina la Mzee Punch. Kikundi kile kilijulikana chuoni, na wengi walikiona mzaha. Chama cha Wanahabari Wanawake, TAMWA, kilichoanzishwa mwaka 1987, kilipaza sauti. Baada ya kampeni za wanawake, Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana mwaka 1998.

Sheria ipo, lakini pombe imepata kazi mbili. Serikali ilipiga marufuku viroba Machi 2017, na gongo ilikatazwa zamani, ila ulevi haujaondoka. Kijana akimpiga mpenzi wake, watu husema alikuwa amelewa. Binti akipigwa naye amekunywa, husema alijitakia. Chupa ileile inamsamehe mmoja na kumhukumu mwingine. Na wapo mabinti wanaoanza kunywa ili wasahau kipigo, kisha aibu ya ulevi ikawaziba kinywa.

Katika 2 Samweli 13, Tamari alitendwa ubaya na Amnoni. Alirarua vazi lake akalia kwa sauti. Absalomu, kaka yake, alimtaka anyamaze. Daudi, baba yake, alikasirika lakini hakumwadhibu Amnoni. Dhambi ilianza kwa mtu mmoja, ukimya wa nyumba nzima ukaikamilisha.

Basi kila parokia iliyo jirani na chuo imteue mama wa kusikiliza. Aanze kwa kuuliza: Umeumia wapi? Usiku huu utalala salama? Amsindikize binti hospitali, na kwenye Dawati la Jinsia la polisi, kabla ya kuuliza alikunywa nini. Mazungumzo ya pombe yana wakati wake, jeraha halingoji.