Land Rover Kuukuu na Mikono Iliyoidumisha

Inapouzwa Land Rover ya zamani iliyotunzwa vizuri, muuzaji huanza kwa kusifia chuma. Atasema ni kazi ya mkoloni, gari gumu lisilojua kufa, na kwamba magari ya siku hizi ni makopo matupu. Wanaolitazama hukubali kwa kutikisa kichwa, maana ndivyo historia ya gari hili ilivyosimuliwa Afrika Mashariki kwa vizazi viwili au vitatu. Naona simulizi hiyo imempa sifa asiyestahili. Land Rover ilikuwa ikiharibika, tena mara kwa mara. Imetufikia kwa sababu iliundwa kwa namna ambayo mtu mwenye spana chache na akili timamu angeweza kuifungua akaielewa, na kwa sababu mafundi wa huku waliifanya nafasi hiyo kuwa elimu, wakairithishana.

Asili yake yenyewe ni uhaba. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Maurice Wilks, mhandisi wa kampuni ya Rover, alikuwa akitumia Jeep ya jeshi la Marekani kwenye shamba lake huko Wales, akaona kampuni yake ingeweza kuunda gari la namna hiyo kwa wakulima. Uingereza ilikuwa na njaa ya fedha za kigeni, na chuma kilitolewa kwa mgao. Kwa hiyo gari lililooneshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948 lilivikwa bodi ya aloi ya alumini, likapakwa rangi ya kijani iliyosalia kwenye akiba ya ndege za kivita. Mabati yake yalikuwa bapa ili yakunjwe bila mashine za gharama kubwa, na mabawa ya mbele yakafungwa kwa bolti. Saa za dashibodi ziliwekwa katikati, ili gari lile lile liuzwe kwa nchi zinazoendesha kushoto na zinazoendesha kulia. Waundaji walikuwa wakiokoa fedha, na hawakuwa na habari za barabara ya Loliondo huku Tanzania. Lakini bati bapa linalofunguka kwa bolti ndilo bati ambalo fundi wa mbali na kiwanda anaweza kulinyoosha kwa nyundo au kulikata jipya.

Angalia hafu shafti ya nyuma, ugonjwa unaojulikana sana wa matoleo ya awali ya gari hili. Ikizidiwa na mzigo au kwenye tope zito, hukatika, na gari husimama pale pale. Hapo hakuna uimara wa kusifia. Lakini ekseli imepangwa hivi: uzito wa gari umebebwa na nyumba ya ekseli, na shafti kazi yake ni kuzungusha tu. Fundi hufungua bolti kwenye kitovu cha gurudumu akaivuta shafti nje kama upanga kutoka alani, bila hata kupiga jeki. Kipande kilichobaki ndani ya difu ndicho kitakachomtoa jasho. Dereva naye ana njia yake ya dharura: akizamisha kitufe cha njano, magurudumu ya mbele huingia kazini, gari likajikokota hadi mjini. Ubovu ulikuwa wa kweli, na tiba yake ilikuwa mkononi mwa watu waliokuwepo.

Elimu hiyo ilikomaa wakati wa shida. Miaka ya ukoloni gari hili liliwabeba mabwana wa wilaya, askari wa wanyamapori na wamisionari. Baada ya uhuru lilihamia kwa serikali mpya, na miaka ya 1970 kiwanda cha Leyland cha Thika kilikuwa kikiliunganisha nchini Kenya. Magari yaliyochoka yaliishia mikononi mwa watu binafsi, yakawa ya abiria, na katika mji wa Maralal, Samburu, yamekuwa sehemu ya maisha ya mji. Kisha Tanzania ikakaukiwa fedha za kigeni baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na spea zikawa adimu. Fundi aliyekuwa akibadilisha akalazimika kutengeneza: kukereza bushi, kuchomelea chesisi iliyoliwa na kutu, kupanga upya majani ya springi. Injini ya petroli ilipochoka kabisa, wengi waliweka ya dizeli kutoka Japani.

Kuna pingamizi ambalo haliwezi kupuuzwa. Kama kutengenezeka ndiko kunakodumisha gari, mbona Toyota Land Cruiser iliipokonya Land Rover soko? Ni kweli iliipokonya, na kwa haki. Mtu aliye kilomita 200 kutoka gereji hupenda gari lisilomwangusha njiani. Lakini hiyo ni hoja ya gari jipya. Land Cruiser za mfululizo wa 40, zilizotengenezwa kuanzia 1960 hadi 1984, ambazo bado zinatembea, nazo zina chesisi nene, springi za majani na injini isiyohitaji kompyuta. Kutoharibika huliuza gari katika miaka yake ya mwanzo. Baada ya hapo kila gari huharibika, na swali hubaki moja tu: je, linafunguka?

Wengine watasema kulienzi gari la Land Rover ni kumtamani mkoloni. Kumbukumbu hiyo ni nzito, kwani lilibeba pia polisi na watoza kodi. Ndiyo maana ni muhimu kusema kwa usahihi nani alilidumisha. Kiwanda cha Solihull, Uingereza, kiliacha kutengeneza Defender, mrithi wake wa moja kwa moja, tarehe 29 Januari 2016. Mamia ya magari yaliyokusanyika Arusha kwenye tamasha la Land Rover mwezi Oktoba 2024 yalifika kwa kazi ya gereji za huku. Moshi wa gari hili, kiu yake ya mafuta na udhaifu wake katika ajali sivitetei. Ninachotetea ni ile kazi.

Kwa hiyo anayenunua gari la namna hii asidanganywe na rangi mpya. Bodi ya alumini haioti kutu kama chuma, na kwa sababu hiyo huweza kung'aa juu ya chesisi iliyooza. Ajilaze chini, agonge chesisi kwa bisibisi mwanzo hadi mwisho, aangalie mishono ya kuchomelea. Asikimbie akiiona: mshono ulionyooka na uliozama vizuri ni ushahidi wa utunzaji, kama ulivyo mshono mzuri kwenye nguo ya thamani. Kisha amuulize muuzaji fundi wake ni nani, na akishalipia gari, aende akajitambulishe kwake.